Mrejesho: "the" na herufi kubwa kwenye majina ya utani ya Kiingereza

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kuhusu maandishi ya tisheti za watalii tunazochapa hapa Kariakoo: ni "Big Apple" au "the Big Apple", na Bongo nayo ipewe "the"? Asanteni, mzigo umetoka.

Aliyenisaidia zaidi ni yule aliyesema kila jina la utani lina mazoea yake. New York ni "the Big Apple", Chicago ni "the Windy City": maneno ya kawaida yaliyogeuzwa jina, kwa hiyo "the" inabaki, na yenyewe katikati ya sentensi huandikwa kwa herufi ndogo. Ila "Uncle Sam", yaani serikali ya Marekani, haitaki "the" kabisa, maana imekaa kama jina la mtu. Halafu "the States" inaitaka wakati "America" haiitaki! Mteja mmoja nusura tugombane hapo.

Bongo na Dar tumeziacha bila kitu. Yule aliyeng'ang'ania "the Bongo" anisamehe. Kwa Kiingereza "the bongo" ni mnyama wa porini mwenye pembe na michirizi, yupo hadi misitu ya Kenya. Mtalii angedhani tunauza safari za mbugani.

Zile za kina mama zilikuwa rahisi. "Thanks, Mum" ina M kubwa kwa sababu hapo ndiyo jina lake, "my mum" ina ndogo. Zimeshachukuliwa zote.