Filamu ya treni ya kuonyesha mtaani, halafu mjadala wa treni ya mjini: ipi inafaa, na tudai nini?

Reli_Kwanza

Wakuu, salaam. Wakazi wa upande wa Gongo la Mboto na Pugu, Dar es Salaam, tunapanga kuonyesha filamu ya treni uwanjani mwezi wa saba, bure, watu kama 150 wa rika zote. Ikiisha, nusu saa ya mjadala kuhusu treni ya mjini na daladala, kisha barua ya madai isainiwe hapo hapo.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Filamu ipi? Treni kukimbia bila dereva ni kweli au chumvi, maana watoto lazima waulize? Na barua idai nini hasa? Wengi kwenye kundi wanataka tuandike "treni ya kasi kama SGR" (ile reli mpya ya kisasa).

fundi_behewa

Nianze na breki, maana hapo ndipo sinema zinadanganya zaidi.

Breki ya upepo aliyoitengeneza George Westinghouse mwaka 1872 inafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani. Paipu moja hupita chini ya mabehewa yote ikiwa imejaa upepo, kwa kawaida bar 5. Kila behewa lina tangi lake na valvu yake. Shinikizo la paipu likishuka, valvu inaachia upepo wa tangi uende kwenye silinda, breki zinabana. Kwa hiyo ukiona kwenye sinema jambazi anakata behewa la nyuma halafu kichwa kinaendelea kutimua mbio, ujue ni uongo. Mpira wa upepo ukichomoka, pande zote mbili zinajifunga breki zenyewe.

Hatari ya kweli haina mvuto wa sinema. Koki ya paipu ya upepo kati ya mabehewa mawili ikiachwa imefungwa, dereva anapunguza upepo lakini mabehewa ya nyuma hayapati habari. Ndiyo maana kabla ya kuondoka hupimwa breki: dereva anashusha shinikizo, mtu wa mkiani anahakikisha behewa la mwisho kabisa limebana. Behewa la kwanza kubana hakuthibitishi chochote. Pia mabehewa yakiegeshwa muda mrefu upepo huvuja taratibu hadi breki zinaachia, kwa hiyo lazima breki ya mkono na kabari.

Filamu ya Unstoppable ya 2010 imetokana na tukio la kweli la Ohio, Marekani, tarehe 15 Mei 2001. Treni ya mabehewa 47 ilikuwa inapangwa yadi, na paipu za upepo za mabehewa hazikuwa zimeunganishwa na kichwa. Dereva alishuka kugeuza swichi ya njia akiamini ameweka breki ya injini, kumbe mashine ilikuwa inavuta kwa nguvu zote. Ilikwenda zaidi ya kilomita 100 bila mtu. Kichwa kingine kiliifuata kwa nyuma, kikajiunga nayo na kuivuta mpaka mwendo ukashuka kufika kama kilomita 18 kwa saa, mfanyakazi mmoja akakimbia pembeni akarukia ngazi. Chumvi ya filamu ni milipuko na helikopta. Mkasa wenyewe ulitokea.

Ila kwa wakazi wa kando ya reli ya kati nisingeionyesha. Juni 2002, Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma ikishika kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Kwenye umati wa watu 150 wa Pugu, yupo aliyefiwa. Kama mtaionyesha, mseme mapema.

KibandaUmiza

Chukueni The General ya Buster Keaton, 1926. Ni filamu bubu ya kama saa moja na robo, kwa hiyo hakuna wa kulalamikia Kiingereza. Mpeni maiki mtu mwenye mdomo asimulie kwa Kiswahili palepale, kama wale wa vibanda umiza. Watoto watakaa kimya, na wazee hawatainuka. Pale Keaton anapokaa mbele kabisa ya injini inayotembea, amekumbatia taruma (gogo linalolaliwa na reli), halafu analirusha kuliondoa taruma jingine lililolala njiani, mwambieni msimulizi anyamaze. Daraja linaloporomoka na injini juu yake ni daraja kweli na injini kweli, huko Oregon, na walipiga picha hiyo mara moja tu.

Jambo moja msimulizi alijue: hadithi inatoka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na shujaa yuko upande wa majimbo yaliyotetea utumwa. Alitaje kwa sentensi mbili mwanzoni, kisha aendelee.

Hakimiliki ya filamu yenyewe Marekani imekwisha, lakini nakala nyingi zilizosafishwa zimewekewa muziki mpya, na huo una mwenyewe. Zimeni sauti, tafuteni mpiga ngoma au kinanda. Hata hivyo maonyesho ya hadhara yana utaratibu wake, kwa hiyo mwulizeni mapema Bodi ya Filamu na ofisi ya hakimiliki. Barua ya serikali ya mtaa isikosekane.

Vifaa: projekta ya lumeni 3000 inatosha picha ya upana wa mita 3 usiku. Kama uwiano wake wa umbali (umbali hadi kitambaa ukigawanywa kwa upana wa picha) ni 1.5, iweke mita 4.5 kutoka kwenye kitambaa. Projekta, kompyuta na spika mbili za inchi 12 kwa pamoja hazifiki wati 1000, jenereta ya kVA 2 haitahema. Iwekeni mita 30 hivi, upande ambao upepo unapeleka moshi na kelele mbali na watu. Kitambaa kifungwe pembe zote na chini pia, la sivyo kitapepea kama tanga na picha itayumba. Anzeni saa 1:15 usiku, kabla ya hapo anga bado ina mwanga. Na tafadhali, nje ya mkuza wa reli (eneo la hifadhi kando ya njia), na mwanga wa projekta usielekee njia ya treni.

Ratiba_Mkononi

Barua isiseme "kasi". Kasi ni ya safari ndefu. SGR yetu imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa kwa sababu inakwenda Morogoro na Dodoma. Treni ya mjini inasimama kila baada ya kilomita mbili.

Fanya hesabu ya mfano: njia ya kilomita 20, vipande 10 vya kilomita 2. Treni ikichapuka mita 0.3 kwa sekunde kila sekunde na kupunguza kwa 0.6, kipande kimoja kwa mwendo wa juu wa 60 kwa saa huchukua sekunde 162. Pandisha mwendo hadi 80: sekunde 146. Umeokoa sekunde 16. Kwa vipande vyote 10 hazifiki hata dakika tatu, na hapo umetumia fedha nyingi kwenye reli, mataruma na kokoto.

Sasa tazama mwisho wa njia. Treni yenye kichwa kimoja ikifika lazima kichwa kifunguliwe, kizunguke kwa njia ya pembeni, kifungwe upande wa pili, mipira ya upepo iunganishwe, breki zipimwe kama alivyosema fundi. Tuseme dakika 20. Safari dakika 40, kugeuza 20, mara mbili: mzunguko dakika 120. Treni mbili zinakupa treni moja kila saa. Weka treni yenye chumba cha dereva pande zote mbili, kugeuza kunakuwa dakika 5: mzunguko dakika 90, treni zile zile mbili, sasa moja kila dakika 45. Abiria anayefika bila kujua ratiba husubiri wastani wa nusu ya muda huo. Mmemwokolea dakika saba na nusu bila treni kuongeza mwendo hata kidogo.

Kikwazo kinachofuata ni njia moja. Treni mbili zikiondoka kwa wakati mmoja kila mwisho zinakutana katikati, dakika ya 20. Kama stesheni ya kupishana haipo hapo, mmoja anamngoja mwenzake na ratiba nzima inavurugika.

Reli_Kwanza

Nimeelewa. Basi "kasi" tunaifuta. Barua iende kwa nani?

Mlango_wa_Tatu

Msiandike barua moja kwa watu wote, itazunguka ofisi hadi ichakae. Idadi ya safari, njia za kupishana, aina ya treni na ratiba ya kubandikwa stesheni: TRC, yaani Shirika la Reli. Nauli na usalama: LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, nakala kwa baraza la watumiaji la LATRA CCC. LATRA wakiitisha mkutano wa kukusanya maoni ya nauli, pelekeni mtu na hesabu ya Ratiba_Mkononi. Njia ya miguu, taa na mfereji kutoka barabarani hadi stesheni: TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kupitia kwa diwani. Hilo la mwisho ndilo la bei rahisi na ndilo hubadilika haraka, maana mwanamke hatapanda treni ya alfajiri kama mita 400 za kuifikia ni giza na tope.

Kila barua iwe na dai moja linalopimika. "Boresheni huduma" haliwezi kukaguliwa. "Ratiba ibandikwe kila stesheni, ikionyesha saa ya kuondoka na ya mwisho" linakaguliwa kwa kwenda kutazama ukuta. Wekeni safu ya jina, mtaa na stesheni anayopandia kila anayesaini, ili TRC waone abiria wanatoka wapi. Na wasaini kabla filamu haijaanza, wakati wa kupanga viti. Filamu ikiisha saa 2:30, kila mtu anawahi daladala ya mwisho.