Naomba ushauri: mtori bila mshare, huku Ujerumani
Habari za leo wapendwa. Niko Hamburg, mdogo wangu amejifungua juzi na anautamani mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kama ule wa mama kule Machame, Kilimanjaro. Mbavu za ng'ombe zenye mafuta nimepata kwa Waturuki, supu inatoka safi kabisa. Shida ni ndizi. Mshare, zile ndizi za kupikia mtori kule nyumbani, sizioni. Mzuzu za duka la Waafrika zinaleta utamu, na nikiponda kwa mwiko zinavutika. Zile za kawaida za Amerika Kusini, zikiwa bado kijani, zinalainika vizuri ila mtori unakuwa mweusimweusi.

Mnaopika huku Ulaya, mnatumia zipi? Kuloweka kwenye maji ya ndimu kunasaidia? Na nikiongeza viazi mviringo kidogo, ladha haipotei? Mzazi anasubiri, tafadhali nielekezeni.