Cottonii inakatika kila kaskazi: ni joto la maji au ni mbegu?

MkulimaWaMashariki:
Assalamu alaykum wanajukwaa. Mimi na mama yangu tunalima mwani pwani ya mashariki ya Unguja. Kila kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, cottonii (aina ya mwani) tuliyoifunga kwenye kamba huanza kupauka nchani, matawi yanakuwa meupe na laini, kisha yanakatika na kuchukuliwa na mkondo, ilhali spinosum, aina nyingine ya mwani, iliyo kwenye kamba za jirani huwa na nafuu. Hatujaiacha cottonii kwa sababu bei yake ni kubwa zaidi. Je, chanzo ni joto la maji, au mbegu (matawi tunayopanda) zimechoka? Zaidi ya hayo, bamvua lililopita (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) mama alishikwa na kizunguzungu akiwa shambani, akawa anajibu maswali ovyo. Tufanyeje?

Bahari_na_Elimu:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Dalili hizo ni za maradhi yanayoitwa ais-ais, ambayo huanza pale mwani unapodhoofishwa na joto, chumvi iliyozidi au mwanga mkali, ndipo bakteria wanapopata nafasi. Tazama saa za maji: kwenu kupwa kwa bamvua huangukia kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, kwa hiyo maji yaliyobaki upande wa ndani wa mwamba unaokinga pwani huwa ya kifundoni, juu ya mchanga mweupe, wakati jua liko utosini. Maji hayo hupata joto upesi kuliko bahari ya nje, huongezeka chumvi kwa kuvukizwa, na hewa ya oksijeni iliyomo hupungua. Siku za maji mafu, yaani baina ya bamvua moja na jingine, bahari haikauki kiasi hicho, na mwani hupumua.

Kuhusu mbegu, shaka yako ina msingi. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino, na tangu hapo tunakata tawi na kulipanda tena, basi mashamba mengi yamejaa vizazi vya mimea michache ileile. Hata hivyo, mimi ningelaumu joto kwanza, kwa kuwa mbegu hizohizo hustawi kwenye maji ya baridi zaidi wakati wa kusi.

MuuguziMstaafu:
Naomba tusimpite mama. Mtu anayejibu ovyo kwenye joto si wa kupumzishwa tu kivulini na kusubiriwa: joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo huathirika, na hiyo ni dharura, awe anatoka jasho au halitoki. Mtoeni juani, mloweshe mwili mzima kwa maji, mpepeeni bila kuacha huku mkitafuta usafiri wa hospitali, na msimnyweshe chochote ikiwa fahamu zimepotea. Kaskazi hewa hubeba unyevu mwingi, jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipoozi mtu. Wengi huenda shambani bila maji ya kunywa kwa kuogopa haja ndogo mbali na nyumba. Jambo hili akina mama hawalisemi mbele za watu, lakini lipo.

MwaniPemba:
Kwetu Pemba, ambako sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka, bado tunapata cottonii kwenye maeneo yenye kina na mkondo. Wataalamu wamependekeza pia mifuko mirefu ya nyavu inayoelea kwenye maji yasiyokauka, nayo huzuia matawi yaliyokatika yasipotee. Tatizo ni kwamba kina kirefu kinataka chombo na kuogelea, na wakulima wengi wa mwani ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea. Nimeona shamba likihamishiwa kwenye kina na kuishia mikononi mwa waume na watoto wao wa kiume. Kabla ya kuhama, vuna cottonii yote mapema Disemba, acha spinosum kwenye kamba za ufukweni, kisha jaribu kamba mbili za cottonii kwenye mkondo (njia ya maji yenye kina) ambao hata bamvua likikauka maji hubaki yakifika kiunoni, mahali ambapo mama bado anaweza kusimama.

MkulimaWaMashariki:
Ahsanteni. Mkondo wa namna hiyo tunao karibu na mlango wa mwamba. Mama nimempeleka hospitali, na kwa sasa anafunga mbegu nyumbani, chini ya banda.