Haller Park na kamera mpya: nianze na Tv au Av?

mgeni_wa_shata
Asalaam aleikum wapenzi wa kamera. Nina Canon 2000D na lenzi mbili, 18-55 ya karibu na 75-300 ya kawaida ya kuvuta mbali (hizo ni milimita). Jumapili nawapeleka watoto Haller Park, ile bustani ya wanyama pale Bamburi, Mombasa. Mpaka leo natumia ile Auto ya kijani tu, na picha za wanyama zanitoka hivi: tumbili ukungu mtupu, twiga kichwa cheusi na mbingu nyeupe, na tukiingia kivulini fleshi yajifyatua yenyewe. Gurudumu la juu lina P, Tv, Av na M. Nianze na ipi, na nambari gani? Tafadhali msinitupe kwenye M, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe, moja kwa moja.

pwani_lenzi
Waaleikum salaam. Anza na Tv. Ukungu wa tumbili ni shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, kuwa nzito, na Tv ndiyo modi inayokupa kasi ya shata mkononi. Tundu la lenzi kamera itajipangia. Fleshi nayo haitajifyatua, kwani kwenye P, Tv, Av na M hainyanyuki mpaka uibonyeze.

Kwanza weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) Auto, kisha ingia menyu uipe kikomo cha 3200. Ukiiachia 6400 utapata picha yenye chenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Pili, kwenye kitufe cha AF chagua AI Servo, ili fokasi imfuate mnyama anaposogea. Tatu, kati ya zile nukta tisa za fokasi washa ya katikati peke yake. Kamera ikichagua yenyewe hupenda kushika kilicho karibu, yaani jani au tawi, na tumbili abaki nyuma hana macho. Upigaji uwe wa mfululizo. Na tazama kwenye kitundu cha juu cha kuchungulia, si kwenye skrini ya nyuma. Kwa skrini fokasi ya kamera hii hujikokota.

Sasa kasi. Hiyo 75-300 yako haina kitulizaji cha mtikisiko (IS), kwa hivyo mtikisiko wa mkono waingia wote kwenye picha. Hesabu yake: 300 mara 1.6 (kwa kuwa sensa, kile kibamba kinachopokea picha, kwenye Canon hii ni ndogo) ni 480, basi usishuke chini ya 1/500 ya sekunde ukiwa umevuta mpaka mwisho, hata kama mnyama amelala fofofo. Hapa ndipo wengi hukosea. Wampiga kobe kwa 1/125 kwa sababu kobe haendi mbio, wakasahau kwamba mkono ndio unaokwenda. Kobe wale wakubwa wa Aldabra wafikika kwa karibu, wapige kwa 18-55 na hiyo 1/125 itatosha. Twiga anayetembea 1/500. Tumbili wakirukiana, 1/1000. Mamba anapolishwa, 1/1600 kama mwanga waruhusu, maana ule mdomo hufumba kabla hujajua umefumba.

Ukiona nambari ya f (ukubwa wa tundu; nambari ndogo ni tundu kubwa) inamemeta, kamera yakwambia mwanga hautoshi: tundu limefunguka lote na ISO imegonga kikomo. Ukipiga hivyo hivyo picha itatoka giza. Shusha kasi hatua moja au punguza zumu, kwani kwenye 300 lenzi hiyo hufunguka f/5.6 tu, ila kwenye 75 hufika f/4.

BintiKibokoni
Nakubaliana na pwani_lenzi isipokuwa jambo moja, nalo ni kubwa: wavu. Mnyama akiwa nyuma ya uzio, toka Tv uende Av, modi inayokupa tundu mkononi na kasi kamera ikajipangia.

Sababu ni hii. Mchana wa Mombasa, juani, ukiweka Tv 1/500 kamera itashusha ISO mpaka 100 halafu ifinye tundu hadi f/7.1 au f/8. Tundu likifinywa, vitu vya karibu vyaanza kuonekana, na wavu utakata uso wa mnyama vipande vipande. Kwenye Av unaandika f/5.6 mwenyewe na halibanwi. Vuta lenzi mpaka 300, sogea karibu na wavu kadiri kizuizi kinavyoruhusu, ungoje mnyama aende mbali na wavu. Yote matatu kwa pamoja. Mnyama akiegemea uzio hakuna modi itakayokusaidia. Tena tafuta kipande cha wavu kilicho kivulini. Waya unaong'aa juani huacha utando mweupe juu ya picha hata ukiwa haujashikwa na fokasi.

Lakini kwenye Av tupia jicho nambari ya kasi kila mara. Jua litatosha, ila mkiingia chini ya mivinje kamera itakushusha chini ya 1/500 bila kukuuliza. Hapo pandisha ISO kwa mkono, 800, hata 1600.

Kichwa cheusi cha twiga ni jambo jingine kabisa, hata Tv haitalitibu. Kamera yaona mbingu nyingi nyeupe, yafikiri mwanga umezidi, yapunguza. Shikilia kitufe chenye Av na +/-, zungusha gurudumu mpaka +1, yaani kuongeza mwanga. Kiboko mweusi aliyelowa akijaza fremu nzima, kinyume chake: kamera yataka kumfanya kijivu, basi mpe -2/3. Yangeyange mweupe akijaza fremu, mwongezee +2/3. Ila yangeyange huyo akiwa mdogo mbele ya maji meusi, punguza. Tazama kilichojaa fremu, usitazame rangi ya mnyama peke yake. Na rudisha sifuri kabla hujahamia mnyama mwingine.

mgeni_wa_shata
Ahsanteni sana, hapa nimefahamu. Maswali mawili: wakati wa kulisha twiga nitumie lenzi gani? Na nyoka walio nyuma ya kioo?

BintiKibokoni
Twiga wa kulishwa, 18-55. Hiyo 75-300 haishiki fokasi chini ya mita moja u nusu, na ulimi wa twiga utakuwa karibu zaidi ya hapo. Weka 35 hadi 55, Av f/8, hakikisha kasi haipungui 1/500, nukta ya fokasi kwenye jicho lililo upande wako. Kwa f/5.6 karibu hivyo utapata jicho bila pua au pua bila jicho. Mate yakiruka kwenye lenzi futa kwa kitambaa cha lenzi, si kwa leso ya mama watoto.

Nyoka: bandika mdomo wa lenzi kwenye kioo, uzungushie kitambaa cheusi au kiganja kuzuia mwanga wa nyuma yako, la sivyo utapiga shati lako. Lenzi ikikaa mkabala na kioo ni bora kuliko kimshazari. Fleshi hapana kabisa. Chatu aliyejikunja, kwa 18-55, 1/60 yatosha kama lenzi yako ina maandishi IS. Kama haina, 1/125.

pwani_lenzi
Naongeza la hapa kwetu. Mkienda kwa gari lenye AC, kamera iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 baada ya kushuka. Ukiitoa baridi kwenye hewa hii ya pwani kioo kitaota mvuke papo hapo; utafuta, utarudi, na utadhani fokasi imeharibika. Wala usibadilishe lenzi wakati huo, unyevu utaingia mpaka kwenye sensa. Ukirudi nyumbani usiifungie kwenye begi likiwa na jasho. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Lenzi iliyosahauliwa kabatini huku pwani huota kuvu, na kuvu likishakula kioo, kufutwa hakufutiki.

Mkiweza, nendeni asubuhi au baada ya saa tisa. Saa sita jua liko utosini, kila mnyama ana kivuli machoni, na tumbili chini ya miti wana madoa ya jua kama chui. Saa za kulisha ulizeni getini kabla ya yote, muanzie hapo.

mgeni_wa_shata
Nimejaribu Tv 1/1000 kwa paka wa jirani sasa hivi barazani. Nambari ya f yamemeta!

pwani_lenzi
Jua lishatua, ndugu yangu. Shusha 1/250, punguza zumu.