Mjadala: Anscombe alikuwa na haki kumpinga Truman, au ulikuwa ukaidi tu?

Mleta mada

Wadau, kuna kisa cha mwaka 1956 ambacho hadi leo kinagawa watu. Chuo Kikuu cha Oxford kilitaka kumtunuku Harry Truman, rais mstaafu wa Marekani, shahada ya heshima. Kwa kawaida mambo haya hupita bila kelele: jina linasomwa, wakubwa wanaitikia, watu wanatawanyika. Safari hii mhadhiri mmoja wa falsafa wa Somerville, moja ya vyuo vinavyounda Oxford, Elizabeth Anscombe, alisimama akapinga. Alisema mtu huyu aliamuru miji ya Japani ya Hiroshima na Nagasaki ipigwe kwa mabomu ya atomiki mwaka 1945, na kuchagua kuua wasio na hatia ili upate unachokitaka ni uuaji, hata kama unachokitaka ni amani. Muuaji wa namna hiyo havishwi joho la heshima.

Alishindwa vibaya. Waliomuunga mkono walikuwa wa kuhesabika, akiwemo rafiki yake, mwanafalsafa Philippa Foot. Mwenyewe alisimulia kwamba walimu wa chuo kimoja waliitwa ukumbini kwa kuambiwa wanawake wana jambo lao, twendeni tukawaangushe kwa kura. (Hoja hawajaisikia, kura tayari wanayo!) Juni, Truman akapewa shahada yake. Anscombe akaandika kijitabu kueleza msimamo wake.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Limerick, Ireland, mwaka 1919, baba yake akiwa mwanajeshi wa Uingereza. Aliingia Ukatoliki akiwa kijana, akasoma kwa mwanafalsafa mashuhuri Wittgenstein, na mwalimu huyo alipofariki, Anscombe ndiye aliyekitafsiri kitabu chake kikubwa kutoka Kijerumani, kikatoka mwaka 1953. Watoto saba. Alivaa suruali wakati mhadhiri mwanamke alitarajiwa kuvaa sketi. Mwaka 1970 akapewa kiti cha uprofesa cha Cambridge alichowahi kukalia Wittgenstein.

Mimi nasema alikuwa na haki, na sisemi hivyo kwa huruma. Mwaka 1957 alitoa kitabu kizima kuhusu nia, na ukifuata fikra zake kuna tofauti kati ya kifo unachokiona kinakuja na kifo unachokitumia. Ukipiga kiwanda cha silaha, ukajua jirani wa kiwanda atakufa, hilo lina mjadala wake. Hiroshima vifo vyenyewe ndivyo vilikuwa kazi. Kama wakazi wote wangekuwa wamehamishwa usiku uliotangulia, bomu lisingetoa ule mshtuko uliotakiwa kuivunja serikali ya Japani. Watu wale walikuwa chombo.

Leteni hoja.

Mbishi wa Kale

Mkuu, ni rahisi kuyasema hayo ukiwa maktaba. Nenda Julai 1945. Vita vya kisiwa cha Okinawa, Japani, ndiyo kwanza vimetulia, Wamarekani zaidi ya 12,000 wameuawa, Wajapani mara nyingi zaidi, raia wa kisiwa wamekufa kwa makumi ya maelfu. Uvamizi wa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, umepangwa Novemba. China watu wanakufa kila siku chini ya jeshi la Japani, na wao pia hawana hatia. Rais anaambiwa kuna silaha inayoweza kuyamaliza haya. Asiitumie ili mikono yake ibaki safi?

Tena Tokyo ilichomwa Machi mwaka huohuo kwa mabomu ya kawaida, wakafa watu wapatao 100,000 katika usiku mmoja. Mbona makelele yote ni ya atomiki?

Mleta mada

Hilo la Tokyo linampa nguvu yeye. Anscombe hakuanza na atomiki. Mwaka 1939, vita vikiwa vibichi, yeye ni mwanafunzi tu, aliandika kijitabu na mwenzake Norman Daniel wakionya kwamba serikali yao wenyewe itafika mahali pa kushambulia raia. Wakuu wa kanisa wakawataka wakiondoe kwa kuwa hakikuwa na idhini yao. Miji ya Ujerumani ikachomwa baadaye.

Kuhusu uvamizi, soma anachokubali. Hakukana kwamba, kwa hali ilivyokuwa, mabomu yaliepusha vifo vingi. Aliuliza hali hiyo ilitengenezwa na nani. Marekani na washirika wake walishikilia kwamba Japani ijisalimishe bila masharti, tangu mkutano wao wa Casablanca 1943 hadi tamko lao la Potsdam Julai 1945. Ukikataa mazungumzo yoyote, bila shaka utabaki na njia mbili, zote za damu. Halafu vita vikaisha na mfalme wa Japani akaachwa kwenye kiti chake!

Na usimpake rangi ya mpenda amani wa kukunja mikono. Aliupinga msimamo wa kukataa vita vyote. Alisema unawafundisha watu kwamba damu yote ni sawa, na mtu akishaamini hivyo, siku akishika bunduki haoni sababu ya kumtenga askari na mtoto.

Bi Tafakuri

Mmehamia vitani, mada ni shahada. Alan Bullock, mwanahistoria, ndiye aliyemtetea Truman ukumbini, na moja ya hoja zake ni kwamba Truman hakuwa peke yake, saini yake ilikuwa chini ya amri tu. Utetezi dhaifu, na Anscombe aliukejeli ipasavyo. Lakini kuna utetezi bora: Truman ndiye rais wa mpango wa Marshall, msaada wa Marekani ulioinua Ulaya baada ya vita. Ukimheshimu mtu kwa hilo, je, umelitukuza bomu?

Swali langu la pili ni chungu zaidi. Mwanamke huyuhuyu alipinga kwa ukali uzazi wa mpango wa kutumia vizuia mimba, na uzeeni akakamatwa na polisi kwa kuzuia watu kuingia kliniki ya utoaji mimba. Mnaompigia makofi kwa Truman mnanyamaza hapo. Kwake ulikuwa msimamo mmoja. Tena makala yake ya mwaka 1958 inasema lugha ya wajibu wa kimaadili haina mashiko ukishamwondoa Mungu mtoa sheria. Sasa wewe mleta mada, katazo lako la kuua wasio na hatia limesimama juu ya nini?

Mleta mada

Dada, uzazi wa mpango ni hoja nyingine kabisa. Hakuna anayeuawa pale, na mimi siifuati. Utoaji mimba unategemea swali la nani anahesabika kuwa mtu, ambalo Hiroshima halipo. Kwa hiyo naweza kuuchukua msimamo mmoja nikauacha mwingine.

Kuhusu Mungu, kumbuka ni nani aliyesimama naye. Philippa Foot hakuwa na dini, na aliyasema hayo waziwazi. Hakuhitaji amri ya mbinguni kuona kwamba kuna matendo ambayo mtu mwema hayaweki hata kwenye orodha ya kuchagua. Alitumia miaka mingi kutafuta msingi wa hilo katika maisha ya binadamu yenyewe. Kama alifaulu, hapo tubishane.

Mpango wa Marshall: mpeni nishani ya Marshall. Shahada ya heshima inamvisha mtu mzima.

Mbishi wa Kale

Basi nijibu moja. Uingereza tangu 1969 haijakosa manowari baharini yenye makombora ya nyuklia. Kila waziri mkuu mpya huandika kwa mkono wake barua za siri kwa makamanda wa manowari hizo, kuwaambia la kufanya iwapo London itaangamizwa. Kama barua inasema lipizeni, aliyeiandika tayari ni muuaji, na hakuna kombora lililoruka?

Mleta mada

Kama inasema pigeni miji, ndiyo. Nia imekwisha kuwekwa. Kilichobaki ni tukio la kuifungua bahasha. Kama inasema msipige, huyo ana haki ya joho, ila hatutamjua, kwa sababu barua huteketezwa bila kusomwa anapoondoka madarakani.

Bi Tafakuri

Na mpiga kura aliyemchagua akijua ataandika lipizeni? Huyo hujamjibu.