Mrejesho: Lisp kugoma kulodi libsqlite3.so

Wakuu nimerudi. Wiki iliyopita nililia hapa kwamba programu yangu ya stoo ya agroveti huku Mbauda, Arusha, niliyoandika kwa SBCL (kompaila ya lugha ya Lisp) na CFFI (laibrari ya kuita kodi ya C kutoka Lisp), ikikosa libsqlite3.so (laibrari ya hifadhidata ya SQLite) inanitupa kwenye dibaga (skrini ya kukagua erori) na handler-case yangu (kodi ya kudaka erori) haidaki kitu. Aliyesema nadaka erori siyo alipiga penyewe: niliweka file-error (erori ya mafaili), kumbe CFFI inarusha load-foreign-library-error (erori ya kushindwa kulodi laibrari ya nje), na hiyo haimo kabisa kwenye ukoo wa file-error. Nimebadilisha jina hilo tu, sasa dada wa kaunta anaona "Laibrari haipo, mpigie fundi" badala ya ile misururu ya restati (machaguo ya kuendelea baada ya erori) iliyokuwa inamtoa jasho.

Halafu laibrari yenyewe ilikuwepo jamani, ila kwa jina la libsqlite3.so.0, ile isiyo na sifuri inakuja na kifurushi cha libsqlite3-dev. Nikaweka majina yote mawili ndani ya :or ya CFFI (jaribu hili au lile), ikakubali. Ushauri mlionipa wa kupiga Ubuntu (mfumo wa kompyuta) upya niliuruka, bando natoa wapi.

Kilichogoma: nikitoa programu kwa save-lisp-and-die (amri ya SBCL ya kuhifadhi programu nzima kwenye faili moja) nikaipeleka kwenye kompyuta isiyo na laibrari bado inaanguka, maana SBCL inajaribu kuifungua upya laibrari kabla kodi yangu haijaanza. Kwa sasa naiweka kwanza laibrari kwa mkono. Asanteni sana wakuu.