Vibali vya kazi za ndani Uingereza, 1938–39: viliokoa Wayahudi au viliwachuja?

Mtoa mada: Wakuu, takriban watu 20,000, wengi wao wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani na Austria, waliingia Uingereza kabla ya vita kwa kibali cha kazi za ndani. Kuna wanaouita uokoaji. Mimi naona matajiri walipata tu madada wa kazi. Karibuni.

Mwanahistoria: Tuanze na jinsi kibali kilivyopatikana. Hitler aliichukua Austria Machi 1938. Mei Uingereza ikarudisha sharti la visa kwa Wajerumani na Waaustria. Kwa hiyo kwanza utafute mwajiri aliyeko huko. Ndiyo maana matangazo madogo ya The Times yalijaa watu wanaojinadi kuwa wapishi. Mwajiri anaomba kibali Wizara ya Kazi, kibali kinatumwa Vienna au Berlin, ndipo visa igongwe. Baada ya ghasia za Novemba 1938, Wanazi walipowashambulia Wayahudi na mali zao, urasimu ulipunguzwa: kamati za wakimbizi pale Bloomsbury House, London, zikaanza kushughulikia maombi kwa mafungu. Kwa kulinganisha, treni zilizowaleta Uingereza watoto wakimbizi bila wazazi zilileta kama 10,000.

Wakili: Mkuu, umeruka upande wa pili wa foleni. Bila cheti cha kutodaiwa kodi hutoki Ujerumani, na cheti chenyewe kina muda. Kikiisha visa haijafika, unaanza upya. Ukitoka, unabeba marki 10 tu, pesa ya Ujerumani. Halafu kigezo: kilichopimwa ni uhaba wa watumishi, si hatari iliyomkabili mtu. Bibi wa miaka 65 nani atamwajiri? Mama naye kwa kawaida hakuweza kuja na watoto kwa kibali hicho. Hata taaluma ilitupwa: chama cha madaktari cha Uingereza kilipinga, na madaktari wa Austria walioruhusiwa kuendelea na kazi yao walikuwa 50 tu.

Mpita njia: Kenya ya mkoloni nayo hivyohivyo. Amana ya pauni 50 au mwajiri wa kukudhamini, basi wanasheria wa Kiyahudi wakajikuta wasimamizi wa mashamba ya walowezi.

Mwanahistoria: Sawa, lakini badala yake nini? Julai 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi hao, na karibu zote zikasema hazina nafasi. Wengi wasiokuwa na kibali cha jikoni walibaki Vienna. Vita vilipotangazwa 3 Septemba 1939 visa zilibatilika, hata za watu waliokwisha funga mizigo.

Wakili: Na waliofika? Vita vilipoanza maelfu walifukuzwa kazi, maana sasa walionekana wageni wa nchi adui ndani ya nyumba za watu. Mwaka 1940 baadhi wakafungiwa kambini Port Erin, kwenye kisiwa cha Man kati ya Uingereza na Ireland. Kibali kinachomfunga mtu kwa kazi moja kinamwacha mikononi mwa bosi. Sipingi njia ya kazi kama njia. Kanada ilianza 2018 kuchukua wakimbizi kwa ujuzi wao, wakiwemo wa Kakuma na Dadaab, ila iliwapa ukaazi wa kudumu pamoja na mke, mume na watoto.

Mtoa mada: Naondoa "tu" yangu. Ila bibi wa miaka 65 hata Kanada asingepita kwa mlango huo.

Wakili: Asingepita. Huyo anahitaji hifadhi, na nafasi za hifadhi zisipunguzwe kwa kisingizio cha vibali vya kazi.